Jinsi nilivyopigana na "nzuri" darasa la tatu: niliyojifunza kufundisha vivumishi huku Chamwino

Naandika hii kwa ajili ya walimu wenzangu wa madarasa ya chini, hasa nyie mnaoanza na mmepewa Kiswahili darasa la tatu mkaambiwa "hilo somo jepesi, watoto wanakijua tayari". Na wazazi mnaokaa na watoto jioni kwenye daftari la insha nanyi mtapata kitu humu. Mimi nimepoteza karibu mwaka mzima nikifundisha vivumishi, yaani maneno yanayotaja sifa za kitu, kwa njia ambayo sasa hivi nikiikumbuka roho inaniuma, na kuna mtoto mmoja nilimuumiza kabisa, nitalieleza hilo huko mbele maana ndio limenifanya nikae niandike.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nilipangiwa kazi wilaya ya Chamwino mwaka 2019, kijiji kiko ndani, unashuka kwenye basi pale barabara ya lami inayotoka Dodoma kwenda Morogoro alafu unachukua bodaboda dakika 40 kwenye vumbi jekundu. Mwaka 2021 ndio nikapewa darasa la tatu, watoto 84, dawati moja wanakaa wanne na wengine chini. Watoto hawa walikuwa wametoka kwenye KKK, yaani kusoma kuandika na kuhesabu, wanasoma vizuri tu, sentensi wanaandika, ila ukiwaambia waandike habari ya kitu chochote unapata mifupa mitupu. "Nina ng'ombe. Ng'ombe anakula. Ng'ombe anakunywa maji." Imeisha hiyo.

Nikasema sawa, hapa panahitajika vivumishi. Nikanunua karatasi za manila na maka peni, nikaandika vivumishi 40 kwa herufi kubwa, nzuri, baya, refu, fupi, nene, pana, zito, kavu, kali, chungu, vyote, nikabandika ukutani na kila asubuhi tunasoma kwa sauti darasa zima. Wiki mbili. Waliimba vile vivumishi mpaka darasa la jirani wakavijua. Mwalimu mwenzangu akapita akasikia akanisifu, na mimi nikajiona nimeweza.

Ijumaa ya wiki ya pili nikawapa insha, "Mama yangu", nikawaambia tumieni vivumishi. Nilibeba madaftari 84 nyumbani kwenye kiroba nikawasha taa nikaanza kusoma. "Mama yangu ni mzuri. Ana nguo nzuri. Anapika ugali mzuri. Nampenda mama yangu mzuri." La pili hivyo hivyo. La kumi hivyo hivyo. Kwenye yale madaftari 84 nadhani sita tu ndio yalikuwa na neno tofauti, na hayo sita mengi yalikuwa "mkubwa". Vivumishi 40 ukutani, na kwenye daftari kimoja.

Nilichotakiwa kujiuliza usiku ule ni kwanini. Sikujiuliza. Nilikasirika, nikaona watoto wavivu. Jumatatu nikaandika NZURI ubaoni kwa chaki, nikaikata msalaba mkubwa, nikasema kuanzia leo hili neno ni marufuku kwenye daftari lako, na mbaya, na kubwa, na ndogo, ukiandika nakata kwa peni nyekundu.

Jamani msifanye hivi. Naomba msifanye. Insha zilizofuata zilikuwa fupi kuliko za mwanzo, watoto waliokuwa wanajaza ukurasa wakaandika mistari miwili wakafunga daftari. Mtoto wa miaka tisa ukimnyang'anya neno alilonalo kabla hujampa lingine humlazimishi kutafuta, unamfundisha kunyamaza.

Sasa huyo binti niliyemtaja. Aliandika kuhusu baba yake. Aliandika "Baba yangu alikuwa mzuri" na mimi, kwenye haraka ya madaftari 84, nikalikata lile neno "mzuri" kwa wino mwekundu nikaandika pembeni "tafuta kivumishi kingine". Hata ile "alikuwa" sikuiona. Baba yake alifariki mwaka juzi yake, nilikuja kuambiwa na bibi yake alipokuja kunisalimia shuleni siku ya mchango wa mahindi ya uji. Yule bibi hakunilaumu, alisema tu, "mwalimu, huyu siku hizi akirudi haandiki, ananiambia Madamu amekataa." Nilienda chooni nikalia. Nimeshafundisha miaka kadhaa na sijawahi kujisikia vile.

Kesho yake nikamuita wakati wa mapumziko tukakaa chini ya mti, nikamuomba msamaha, mwalimu anaweza kumuomba mtoto msamaha na dunia haianguki. Alafu nikamuuliza, kwa sababu nilitaka kujua kweli, "baba alikuwa mzuri kivipi?" Akakaa kimya muda mrefu. Akasema, "Madamu, alikuwa ananibeba mabegani tukienda mnadani. Naona watu wote." Nikamuuliza mabega yake yalikuwaje. Akanyoosha mikono yote miwili, hivi, kama anapima mlango. Nikasema, tunaitaje kitu kilicho hivyo? Akasema "mapana". Na akaandika, "Baba yangu alikuwa na mabega mapana. Nikikaa juu naona mnada wote."

Neno "pana" lilikuwa ukutani wiki tatu. Alikuwa ameliimba kila asubuhi. Ila halikuwa neno lake mpaka alipoyakumbuka yale mabega.

Hapo ndio nikaelewa nilikuwa nimeanzia mwisho. Mtoto anaandika "nzuri" kwa sababu hajaangalia kitu, anakumbuka tu kwamba anakipenda. Ukimpeleka akiangalie, akishike, anaanza kuhangaika kutafuta neno mwenyewe, na hapo ndio unampa. Ile marufuku nikaifuta mbele ya darasa. Badala yake nikaweka swali moja, "kivipi?" Mtu akiandika nzuri simkati, naweka alama ndogo ya kuuliza kwa penseli, na yeye anajua anatakiwa ajibu kivipi kwenye mstari unaofuata. Nguo nzuri. Kivipi? Ni mpya, ni nyekundu, inanukia sabuni. Neno nzuri linabaki, halina kosa lolote lile neno, lilikuwa limeachwa peke yake tu.

Kitu kilichobadilisha darasa kabisa ni mawe. Huku kwetu ukikosa vyote mawe hukosi, na ni bure. Nilimwambia kila mtoto aje na jiwe moja linaloenea kwenye kiganja. Darasani nikawapa dakika tano waliangalie tu, wasiandike, waligeuze, walinuse, waliguse shavuni kama wanataka. Alafu waandike sentensi tatu za kulielezea. Kisha nikakusanya mawe ya kundi moja, watoto kumi, nikayachanganya mezani, na mtoto mwingine anapewa karatasi ya mwenzake anaambiwa, haya, lisome alafu litafute jiwe.

Wa kwanza alisoma "Jiwe langu ni zuri. Ni kubwa. Nalipenda." Akasimama pale mezani na mawe kumi, anayaangalia. Anashika hili anarudisha. Mwenye jiwe kule nyuma anapiga kelele "hilo hapo hilo hapo!" nikamwambia hapana, wewe umeshasema kwenye karatasi, usiongeze. Alikosa. Na yule mwenye jiwe akaomba karatasi yake arudishiwe, bila mimi kumwambia kitu, akakaa akaandika upya, "Jiwe langu lina mstari mweupe katikati. Upande mmoja ni laini upande mwingine una ncha kali." Likapatikana hapo hapo, darasa likapiga makofi.

Nilichokuwa nimeshindwa kukifafanua kwa maneno mwezi mzima jiwe lilikieleza kwa dakika kumi. Kivumishi kinamsaidia mtu ambaye hayupo aone kitu unachokiona wewe. Baada ya hapo walikuwa wananifuata wao, "Madamu, jiwe lililo hivi, kama sahani, linaitwaje?" Bapa. "Na lililokaa kama yai?" La mviringo. Maneno yalikuwa yanaombwa, na neno lililoombwa halisahauliki.

Tahadhari kwa atakayejaribu, usiweke mawe yote 84 pamoja, nilijaribu siku moja ikawa vurugu tupu na mtoto mmoja akaangushiwa jiwe mguuni. Makundi ya kumi kumi yanatosha, na sheria iwe hakuna kurusha, atakayerusha jiwe lake linatoka nje kwa siku ile. Na sanduku la kutunzia liwe imara, la kwangu la karatasi lilichanika chini siku ya pili, nikaja kutumia ndoo ya rangi iliyotupwa.

Baada ya mawe nikapata hamu nikataka niwafundishe kwa kugusa, bila kuona. Nilichukua mfuko wa kitambaa, nikaweka vitu ndani, mtoto anaingiza mkono anasema anachosikia kwenye vidole kabla ya kutaja ni nini. Gunzi, unyoya wa kuku, mbegu ya ubuyu, kipande cha ngozi, soli ya ndala. Wazo lenyewe zuri na bado nalitumia. Kosa langu, niliweka mbigili. Nilikuwa nataka wapate neno "kali" kwa mwiba, nikaona mbigili moja kavu haina shida. Mtoto wa nne ikamchoma kidoleni ikaingia, damu, kilio, na kipindi kikafa pale pale. Jioni mama yake akaja. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya chini, alafu akasema, "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome, miiba tunayo nyumbani." Sikuwa na la kujitetea, nikasema mama yangu nisamehe, kosa ni langu. Nikampeleka mtoto zahanati mwenyewe nikalipia dawa. Kwaiyo mfuko ndio, lakini hakuna kitu chenye ncha, hakuna kioo, hakuna kitu kinachoweza kuwa na dawa ya mifugo au ya mimea, na vitu vyote vipitishe kwenye mikono yako mwenyewe kwanza. Mwiba tunauangalia kwa macho, na neno "kali" linapatikana hivyo hivyo.

Sasa nije kwenye upatanisho wa ngeli, maana najua walimu wengi ndio wanauliza hapa. Vivumishi vya Kiswahili vingi vinabadilika kufuata nomino, yaani jina la kitu, na kundi lake ambalo ndio ngeli, mtoto mdogo, kiti kidogo, jiwe dogo, ndoo ndogo, mawe madogo. Watoto wangu walikuwa wanakosea sana, "nyumba mrefu", "mti ndefu", "ng'ombe kubwa". Mimi mtu wa Tanga, nimekulia kwenye Kiswahili, nilikuwa moyoni nasema hawa watoto Kiswahili hawakijui kwa sababu nyumbani wanaongea Kigogo. Nilikuwa nakiona Kigogo ndio adui wa somo langu. Nalisema wazi kwa sababu najua siko peke yangu tuliokuja na mawazo hayo.

Siku moja mtoto akaniletea karatasi ameandika "chikombe chidogo". Nikashika peni nyekundu nikate maneno yote mawili. Alafu mkono ukasimama. Chikombe. Chidogo. Angalia vizuri. Amekosea silabi ya mwanzo, ndio, lakini amekosea sawa sawa pande zote mbili! Nomino ina chi, kivumishi nacho kina chi. Wenyewe lugha yao wanaiita Chigogo, na hiyo chi ndio sawa na ki yetu. Maana yake huyu mtoto upatanisho anaujua, amezaliwa nao, Kigogo ni lugha ya Kibantu kina ngeli zake kama Kiswahili na vivumishi vyake vinafuata nomino vile vile. Mimi nilikuwa nafundisha kitu kama kipya wakati wanacho kichwani, kilichokuwa kinakosekana ni kuwaonyesha tu kwamba chi ya nyumbani inakuwa ki ya shuleni.

Nikabadilisha. Nikawaambia kivumishi kinavaa sare ya nomino. Nomino ikiwa na ki, kivumishi kinavaa ki. Nikawaomba waniambie kwa Kigogo wanasemaje kikombe kidogo, vikombe vidogo, mtu mrefu, watu warefu, na wakawa wananifundisha mimi, wananicheka nikitamka vibaya, na wenyewe wakaona, Madamu na huku zinafanana! Ule upinzani ukaisha. Kama unafundisha watoto wa Kigogo, Kirangi, Kinyaturu, yoyote ya Kibantu, anzia hapo, usianzie kwenye jedwali la ngeli.

Yako maeneo ambayo sare haionekani kwa macho na hapo lazima uwe mvumilivu. Nyumba, ndoo, ng'ombe, hazina silabi ya wazi mbele, kwaiyo mtoto hajui ashike nini. Kwa nyumba na ndoo tuliimba tu mpaka zikazoeleka, ndoo ndogo, ndoo ndefu, ndoo nyeusi, ndoo mpya, ndoo kubwa, na niliwaonyesha kwamba kubwa, fupi na kavu hazipokei kitu pale mbele. Kwa wanyama sheria yetu ni moja, kinachopumua kinavaa sare ya mtu. Ng'ombe mkubwa, mbuzi mweupe, kuku mnene, japo barabarani wanasikia "mbuzi nyeupe" kila siku. Na yale yasiyovaa sare kabisa, safi, laini, imara, hodari, ghali, mengi yametoka Kiarabu, hayo tuliyaandika kwenye karatasi ya pembeni tukayaita wageni. Shati safi, viatu safi, maji safi. Watoto waliyapenda haya kwa sababu huwezi kuyakosea.

Rangi nazo ziliniangusha. Nyeupe, nyeusi na nyekundu zinavaa sare, zilizobaki nyingi unaweka "ya" na wenzake, shati la kijani, maua ya njano, udongo wa kahawia. Mtoto akiandika "jani kijani" usimwambie tu amekosea, mwambie kijani inahitaji la. Na nikaona pia kwamba nilikuwa nawafundisha kana kwamba kivumishi ni lazima kiwe neno moja kutoka kwenye orodha, kumbe Kiswahili chenyewe sehemu kubwa ya kueleza kitu kinapitia huko kwenye "ya" na "-enye". Uji wa moto. Njia yenye mawe. Mbuzi mwenye kengele. Ukiwazuia watoto huko unawanyima nusu ya lugha.

Na zabibu! Sisi huku Dodoma tuna bahati ambayo mwalimu wa mahali pengine hana. Nilinunua kidogo sokoni mjini msimu wa mavuno, nikapata na zile zilizokauka, na kwenye shamba la mzazi mmoja nikaombea kichala ambacho hakijaiva. Nikaweka mezani aina zote tatu, nikawapa waonje kila mmoja punje moja moja. Zabibu mbichi, kali mpaka macho yanafumba. Zabibu mbivu, tamu, laini. Zabibu kavu, tamu zaidi, ngumu kidogo, imejikunja. Tunda moja, na kila neno la sifa ukilibadilisha unapata kitu kingine mdomoni. Hakuna mtoto aliyeandika nzuri siku ile. Gharama yote ya kipindi kile haikufika shilingi 7,000, na nilitumia zaidi ya hapo kwenye zile manila ambazo hazikusaidia. Zioshe kwa maji safi kabla hujawapa, zinapuliziwa dawa.

Kuna kosa lingine linakuja watoto wakishanogewa na mimi sikulitegemea. Wakaanza kurundika. "Nilimwona mbuzi mkubwa mweupe mnene mrefu mzuri safi." Kwanza nilifurahi nikawapa alama nyingi, na nikawa nimewafundisha kwamba wingi ndio ubora. Ilinichukua wiki kadhaa kulirudisha hilo. Nilirudi kwenye mawe, safari hii mtoto anaruhusiwa kuandika kivumishi kimoja tu au fungu moja tu la maneno, na mwenzake alipate jiwe. Hapo ndio unawaona wanafikiri kweli, wanaangalia mawe ya wenzao pia, kwa sababu jiwe jeusi halikusaidii kama mawe sita ni meusi. Mtoto mmoja aliandika "lenye shimo" basi, na likapatikana sekunde ile ile.

Kijana mmoja alikuwa mkimya sana, mwishoni mwa wiki anachunga, na insha zake zote zilikuwa "Ng'ombe wetu ni wazuri". Nikamuuliza wako wangapi, akasema 11. Nikamuuliza ukipotelewa na mmoja unamwambiaje mtu amtafute? Akaanza kuongea, na akaongea kama sijawahi kumsikia, kila ng'ombe ana jina la rangi yake kwa Kigogo, neno moja tu linabeba rangi na mahali baka lilipo. Mimi nilikuwa sina Kiswahili cha neno moja cha kumpa. Tukakaa tukatafuta pamoja, "mweupe mwenye madoadoa meusi shingoni", "mwekundu mwenye tumbo jeupe", "mwenye pembe moja iliyopinda". Aliandika ng'ombe wote 11, kurasa mbili. Nilimwambia aandike na yale maneno ya Kigogo pembeni, kwenye daftari lake mwenyewe, sikuyakata. Huyu mtoto alikuwa na vivumishi vingi kuliko mimi na nilikuwa nimemuweka kwenye kundi la wasiojua.

Kusahihisha. Najua mtasema hayo yote ni mazuri ila madaftari 84. Ni kweli, na niliumwa mgongo mwaka mzima kabla sijapata akili. Sasa hivi nasahihisha kitu kimoja kwa insha moja. Insha ya kwanza naangalia tu kama nimekiona kitu alichokieleza, sigusi sare kabisa, hata akiandika mti ndefu namuacha. Insha ile ile anairudia siku nyingine na hapo ndio tunaangalia sare, na wanakaguana wawili wawili kwanza kabla haijanifikia. Ukisahihisha vyote kwa pamoja daftari linarudi jekundu na mtoto haoni ni lipi la kushika. Mwalimu mkuu aliniuliza kwanini nimeacha makosa kwenye madaftari, na ni swali la haki, upimaji wa darasa la nne unakuja na kule hawatamuuliza kuhusu jiwe. Nikamwonyesha insha ya Februari na ya Septemba za mtoto mmoja, akasoma zote mbili amesimama, akaniruhusu niendelee ila azimio la kazi, yaani mpango wa mada za mwaka, nisiliache nyuma. Na kweli nilikuwa nimeliacha nyuma, wiki tatu, nikalifidia kwa vipindi vya jioni. Ukianza njia hii panga muda wako mapema, inakula vipindi.

Kwa wazazi, mtoto akirudi na kazi ya insha msimwandikie. Nimepokea insha zenye "mandhari yenye kuvutia" kutoka kwa mtoto ambaye bado anatafuta wapi pa kuweka nukta, na siwezi kumsaidia maana sijui yeye yuko wapi. Kaa naye mkiwa mnachambua mboga muulize, huu mlenda ukoje? Na akijibu mzuri, muulize kivipi, alafu nyamaza umpe muda. Ile kimya ndio ngumu kwetu sisi watu wazima. Akijibu kwa Kigogo usimkatishe, mtatafuta Kiswahili chake pamoja, na kama hamkijui aje aniulize.

Wiki iliyopita tulikuwa nje tunaandika kuhusu jiko la uji, na yule binti wa mabega mapana, sasa yuko darasa la juu ila bado huwa anapita dirishani kwetu, akaniuliza, "Madamu, kitu ambacho huwezi kukishika, kama moshi, unakiangaliaje?" Sikuwa na jibu la haraka. Nimeshaongea na mama anayetupikia uji, kesho anatuwashia kwa kuni mbichi kidogo upande mmoja na kavu upande mwingine, tutakaa mbali upepo unakotoka, na tutaandika.